Wifi Aliyeendelea Kuita Wateja

Asalaam aleikum kwa wenye salamu hiyo, na Bwana asifiwe kwa wenye ile. Wasio na zote mbili, hamjambo? Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mwenyekiti ametutangazia kwamba leo, tukishamaliza mafunzo haya ya biashara, kila mwanakikundi ataenda kwenye meza ya mwalimu arekodi tangazo la biashara yake, kwa sauti yake mwenyewe, akalipige gulioni kwao. Jambo zuri. Sipingi, wala sikuja kutoka Misima hadi hapa Korogwe kuja kupinga. Ila nimeomba nisimame kabla hamjapanga foleni. Lebo ukiichoka unaibandua. Sauti ya mtu ni kitu kingine, na mimi nimekijua kwa kuumia. Majina sitaji, maana mmoja ni marehemu na wengine tunakutana nao kila gulio.

Mnaniona nilivyo. Nina hasira za karibu, lakini ulimi wa biashara sina. Kumsimamisha mpita njia nikamwambia "karibu mteja" kulikuwa kunanitoa jasho. Mwenye ulimi alikuwa wifi yangu, dada yake mume wangu. Ndoa yake ilivunjika akarudi kwao, tukawa nyumba moja: mimi, mume wangu, yeye na mama yao, yaani mama mkwe wangu. Tukaanza biashara ya viungo vya chai. Mimi napanda Dindira kununua iliki na mdalasini kwa wakulima, kule kwenye baridi, nashuka na viroba. Nakausha tangawizi, natwanga, nachekecha, nafunga pakiti. Wifi kazi yake ni moja, kuita.

Na aliitaje? Alimwita kila mwanamke wifi. Mnajua utani wa mawifi, kununiana, kuchokozana, nani kapika vizuri nani kaunguza. Basi yeye akiona mwanamke anapita anapaza sauti: "Wifi! Wewe wifi! Mbona unanipita hunisalimii?" Mtu anageuka, anadhani ni ndugu wa mumewe kweli. Akishageuka amekwisha. Hata mama wa Kimasai aliyekuja kuuza maziwa aliitwa wifi, akacheka mpaka akaweka kibuyu chini, akaondoka na pakiti mbili. Wateja wenyewe ndio waliotupa jina, wakawa wanasema nipe vile viungo vya wifi. Tukaandika hivyo kwenye lebo: Viungo vya Wifi. Hatukumlipa mtaalamu yeyote kutubunia jina.

Siku moja koo lilimkauka. Tukanunua spika ile ya kuchaji, tukaenda kwa fundi mmoja wa kuingiza nyimbo kwenye simu. Wifi akasema maneno yake mara moja tu, hakurudia. Yalikuwa hivi: "Wifi! Wewe wifi! Mbona unanipita hunisalimii? Njoo bwana, nipo hapa hapa, sijaenda mbali. Chai yako nishakuwekea viungo." Halafu mwishoni akacheka kidogo, maana fundi mwenyewe alikuwa anacheka. Kile kicheko kikabaki humo.

Tulifanya biashara, jamani! Kuna gulio tulikuwa tunafunga meza kabla ya adhuhuri.

Kisha wifi akaumwa. Homa, siku nne. Siku ya tano tukamzika.

Nilikaa nyumbani mpaka arobaini ikapita. Mama mkwe alikuwa hasemi. Anakaa mkekani, ukimpa uji anashika bakuli mpaka uji unapoa. Mume wangu naye kanyamaza. Nyumba ikawa nzito, nikasema bora nirudi kazini. Nikapanga pakiti, nikabeba spika, nikaenda gulioni. Nikafika mezani nikasimama. Watu wanapita. Nafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Nikaitazama spika. Mkono wangu mwenyewe ndio uliobonyeza.

Ndugu zangu, nawaambia, safu nzima iligeuka. Jirani yangu muuza vitunguu alikuwa anapanga mafungu, mkono ukabaki hewani. Ile sauti haikuwa na habari ya msiba. Ilitoka vile vile, ya mtu mwenye afya, aliyeshiba, na kile kicheko mwishoni. "Nipo hapa hapa, sijaenda mbali."

Watu walikuja. Walisimama mbele ya meza wakafuta machozi kwa ncha za kanga, wakanunua. Pakiti zote zikaisha. Nami nikarudi nyumbani nimefurahi, Mungu anisamehe. Nikajiambia si ndiyo maana wanasema biashara matangazo? Sikujua kwamba siku ile hawakununua viungo. Walikuwa wanatoa rambirambi, na rambirambi mtu hutoa mara moja.

Gulio la pili wakaja wachache. La tatu nikaanza kuona jambo. Wanawake wanatokea upande wa msikitini, wakifika kwa muuza ndoo wanakata kushoto, wanazunguka nyuma ya mabanda ya mitumba, wanatokezea kwa wauza dagaa. Meza yangu wameiruka. Wanapita jua kali, na kivuli kipo kwangu. Hawatazami upande wangu. Wengine niliona wanaziba watoto masikio kwa viganja, kimya kimya, kama wanawapangusa vumbi.

Nikadhani ni bei, nikapunguza. Nikadhani ni pakiti, nikabadilisha lebo, nikaweka nyekundu. Nikadhani hawasikii. Msinicheke! Nilikwenda kwa fundi nikamwambia sauti haifiki. Akaniuliza, "Mama, nikuwekee mwangwi? Inakuwa nzito, inafika mbali." Nikamwambia weka, na usibanie. Basi gulio lililofuata wifi yangu alitoka kwenye ile spika kama mtu aliye ndani ya kisima. "Wifi... wifi... sijaenda mbali... mbali... mbali..." Mbuzi wa watu alikata kamba siku ile. Nilifanya mambo yote hayo, na jambo moja sikufanya. Sikumuuliza mteja.

Mwisho hasira zikanipanda. Nikaacha meza, nikamfuata mteja wangu mmoja wa siku zote mpaka nyuma ya mabanda, nikamshika kanga.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona unanizunguka?"

Akatazama chini. "Mwenzangu, sisi tumelelewaje? Ukiitwa na usiyemwona?"

Nikajibu kama mtoto wa madrasa, "Usiitike."

"Basi. Yule mimi nilimwosha kwa mikono hii. Leo ananiita mbele za watu, ananiuliza kwa nini simsalimii. Nimwitikie nini?"

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia ushamba huo, ile ni memori kadi, kitu kidogo kama ukucha.

"Najua ni kadi," akasema. "Lakini kadi haijui kama amekufa."

Akatoa kanga yake mkononi mwangu akaenda zake.

Hapo ningezima. Mtu mwenye akili angezima siku ile ile. Kilichonizuia ni mama mkwe.

Nilikuwa nimeichaji spika nyumbani asubuhi moja, nikaijaribu. Sauti ilipotoka, mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi, aliinuka mkekani. "Abee!" Akaitika vizuri, kwa sauti yake ya zamani. Kisha akaniomba uji, akaunywa wote. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alivaa viatu akatoka nje, na tangu siku ile kila nikiigusa spika alikuwa anatoka nje. Hakunikataza. Nami nikajifanya sioni, kwa sababu mama anakula.

Mama mkwe akaanza kunifuata gulioni. Anakaa nyuma ya meza kwenye kigoda, kanga mpya, ametulia. Spika ikiita anaitika. "Abee, mwanangu." Ikirudia anarudia. Kutwa nzima. Sasa hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mteja. Mbele yako marehemu anaita, nyuma yake mama yake anaitika, na mimi katikati nimeshika pakiti ya viungo natabasamu. Hata muuza vitunguu alihamisha mafungu yake. Meza yangu ikabaki peke yake, pande zote kweupe.

Siku moja tukiwa tunarudi mama mkwe akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Anasema hajaenda mbali."

"Ndiyo, mama."

"Basi nikienda kwa miguu nitafika."

Yarabi! Nilisikia ubaridi kwenye meno. Tulipofika nyumbani nikachomoa kadi, nikaiviringisha kwenye karatasi, nikaifukia ndani ya mtungi wa mdalasini juu ya kabati. Spika nikaitoa betri. Gulioni sikwenda tena. Biashara ikafa hapo, na pakiti zilizobaki zikaanza kuota unga wa ukungu. Mama mkwe akarudi mkekani. Ila sasa alikuwa amekaa ameelekea barabarani, na kila siku mbili tatu ananiambia, "Mwanangu kapita." Namwambia hapana mama, hajapita mtu. Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Siku yenyewe, niliondoka asubuhi kwenda mashineni kusaga mahindi. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu, nikadhani amejilaza ndani. Nikaingia jikoni. Adhana ya adhuhuri ikalia, ikaisha. Kulikuwa na jua lile ambalo hata kuku wanajificha. Nikasikia.

"Wifi! Wewe wifi!"

Mwiko uliniponyoka. Nikasimama pale pale. Nikajiambia ni mawazo.

"Wifi! Wewe wifi! Mbona unanipita hunisalimii? Njoo bwana, nipo hapa hapa, sijaenda mbali."

Nilikimbilia kabatini. Mtungi ulikuwa na kifuniko chake. Nikaingiza mkono kwenye mdalasini, karatasi ipo, kadi imo. Spika iko chini ya kitanda, betri pembeni. Na sauti iko nje, haina mwangwi, safi, ya mtu aliyesimama uwanjani kwetu. Ikaita mara ya tatu. Ndugu zangu, nimelelewa kama mlivyolelewa, lakini nilifungua mdomo nikaitika. "Abee, wifi." Nikatoka.

Hakukuwa na mtu. Uwanja, mahindi yaliyokauka ya jirani, barabara nyeupe. Nikageuka kumwita mama mkwe, nikaingia chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa. Kanga mpya haipo, na viatu vyake viko mlangoni.

Hapo sikumbuki nilipitaje. Nilisimamisha pikipiki, tukaanza kuuliza njiani. Mtu wa kwanza akasema hajui. Wa pili, mzee mmoja aliyekuwa anafunga kuni, akasema, "Bibi kapita muda sana, kashika njia ya Kwaluguru. Anaifuata ile baiskeli inayoongea."

"Baiskeli gani?"

"Inayoongea. Ina sauti ya mwanamke."

Mwenye pikipiki aliniuliza kama kweli nataka kuendelea. Nilimjibu vibaya, akaendesha.

Tuliwakuta alasiri, kwenye kalvati, jua linapiga. Mwanamume wa makamo kasimama upande mmoja wa baiskeli, mama mkwe upande wa pili, miguu yake imepasuka, imejaa vumbi mpaka magotini. Nyuma, kwenye keria ya baiskeli, kuna boksi na spika ndogo. Yule bwana alikuwa anatetemeka. Mtu mzima mwenye ndevu! Aliponiona alikaribia kunikumbatia.

"Mama, huyu bibi ni wako? Ananifuata tangu Misima. Nikiharakisha anakimbia. Nimezima spika nikidhani atarudi, ndiyo kabisa haondoki. Anaiongelesha baiskeli yangu."

Na kweli, mama mkwe alikuwa ameinama kwenye keria. "Mwanangu," anasema taratibu, "mbona umenyamaza? Nimeshafika."

Nikamuuliza yule bwana sauti ile kaitoa wapi. Kainunua kwa fundi. Fundi yupi? Fundi wetu. Alikuwa anawauzia wachuuzi kama sauti ya kuita wateja, anakata ule mwanzo tu, baada yake unaweka tangazo lako. Bwana huyu hakujua mwenye sauti ni nani, achilia mbali kama yuko kaburini. Nilipomwambia, aliruka nyuma akaiachia baiskeli, ikaanguka na boksi lake lote likamwagika barabarani.

Mama mkwe akavitazama vile vipakiti. "Anauza nini?"

"Sumu, bibi. Ya panya."

Akanigeukia mimi. "Mwanangu alikuwa anawaita watu wanywe chai."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilipiga magoti kwenye lile vumbi, nikamshika ile miguu, nikamwambia neno ambalo hatukuwahi kulisema ndani ya nyumba ile. "Mama, amefariki. Tulimzika, na wewe ulikuwepo. Hakuiti. Mimi ndiye niliyemwacha aendelee kuita, kwa sababu mimi nilikuwa naona haya kufungua mdomo wangu." Mama mkwe akakaa chini kwenye ukingo wa kalvati akalia. Tangu mazishi hakuwa amelia. Alilia mpaka mwenye pikipiki akaenda kusimama mbali, na yule bwana wa sumu akalia naye, wala si msiba wake.

Kuna jambo moja nitawaambia, mlichukue mnavyoweza. Kabla yule bwana hajaifuta ile sauti nilimwomba aiwashe, nisikie. Ilikuwa na "Wifi! Wewe wifi!" basi, kisha sauti yake mwenyewe: panya, kunguni, mende, wote kwaheri. Nikamwambia endelea. Akasema ndiyo imeisha, mama. Hapakuwa na salamu wala "sijaenda mbali". Nikamuuliza alipita kwetu saa ngapi. Saa nne asubuhi, akasema. Mimi nilisikia baada ya adhana ya adhuhuri, na nilisikia yote. Nimelala na jambo hilo miezi mingi. Sina jibu, na sitaki mtu anitafutie.

Tulikwenda kwa fundi, mimi na mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia. Akasema, "Mama, hukuniambia nisimpe mtu. Wala hukuniambia kama amekufa. Uliniletea nimwekee mwangwi." Nikamwambia afute. Akafuta mbele yetu, akatutajia wachuuzi wote aliowapa. Tukawazungukia. Mama mkwe anafika mbele ya meza ya mtu, anasema, "Huyo ni mwanangu. Nirudishie." Hakuna aliyebisha, hakuna aliyedai fidia. Mmoja, muuza chaja za simu hapa hapa mjini, alikuwa ameshaitupa kadi yake mtoni kabla hatujafika. Tulimuuliza kwa nini. "Ilianza kuniita jina langu," akasema, akageukia mteja mwingine.

Ikabaki yetu, ile ya kwenye mdalasini.

Sikumharakisha mama mkwe. Ilikaa kabatini, mimi simgusii na yeye haniulizi. Asubuhi moja akiwa amemaliza kunywa chai akasema, "Ilete." Mume wangu akainuka kutafuta viatu. Mama yake akamwambia, "Wewe kaa." Akakaa. Nikaweka kadi, nikaweka betri, nikabonyeza, nikapunguza sauti mpaka ikawa ya mtu anayeongea na watu walio chumba kimoja naye. Ilipouliza mbona unanipita hunisalimii, mama mkwe akajibu, "Salaam aleikum, mwanangu. Nimekusalimia. Kaka yako yupo, wifi yako yupo, wote wanakusalimu. Sasa pumzika, wateja tutawaita wenyewe." Akangoja kile kicheko kipite. Akaniuliza kidude cha kufutia ni kipi, nikamwonyesha, akabonyeza mwenyewe. Mume wangu alilia kwa sauti kama mtoto. Kumbe muda wote ule alikuwa anatoka nje ili asilie mbele ya mama.

Gulio lililofuata nilikwenda bila spika. Nilisimama pale mahali palipoachwa kweupe. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kijinga, nyembamba, lakini ikatoka. Nikasema: "Jamani, wifi yangu amefariki. Nilikuwa nawaita kwa sauti ya marehemu, nisameheni. Viungo ni vile vile, natwanga mimi. Mliokuwa mnaogopa, sasa mnamwona anayeita." Hakuja mtu. Nikarudia. Nikarudia tena. Aliyekuja wa kwanza ni yule niliyemshika kanga. Hakutokea nyuma ya mabanda, alipita mbele, katikati, ili waone. Akafika, akasema, "Wifi, hujambo?" Nikamfungia pakiti.

Leo mnanunua wenyewe, mnajua. Jina tuliliacha kwenye lebo. Nilimuuliza mama mkwe tulitoe, akasema jina liacheni, jina halimfuati mtu njiani.

Nawashukuru. Namshukuru yule dada, kwa kunipa ukweli nilipokuja kwake na matusi. Namshukuru mwenye pikipiki, ambaye aliogopa na bado akaendesha. Yule bwana wa sumu ya panya, Mungu ampe, maana aliogopa kuliko sisi sote na hakumwacha bibi peke yake barabarani. Na kikundi hiki, mlionipokea nikiwa na pakiti zilizoota ukungu, mkanipa nafasi ya kuanza.

Somo langu ni dogo. Mambo yakibadilika kwenye biashara yako, sema. Mteja si mjinga, anajua kabla yako, anangoja tu akusikie. Akianza kukuzunguka usiongeze sauti, mfuate umuulize, ila kanga usimshike. Tangazo lako usimwachie fundi bila makubaliano. Na wazee wanasema kizuri chajiuza, sawa, lakini mwenye kitu lazima awe amesimama pale, mzima, anaonekana.

Asubuhi hii kabla sijatoka nilimwambia mama mkwe kwamba leo tunarekodi, na kwamba naogopa. Akasema rekodi, biashara inataka sauti. Kisha akaniuliza, "Siku Mungu akikuchukua, nani ataizima?"

Nikasema mume wangu.

"Huyo hawezi," akasema. "Na mimi usinipe kazi hiyo, nimeshaifanya mara moja. Tafuta mtu asiyekupenda sana."

Basi nitakwenda pale mezani, mwalimu, nitasema maneno yangu. Lakini kabla ya hapo nataka mmoja wenu hapa ajitolee, ambaye siku akisikia nimekufa atakwenda gulioni kwetu moja kwa moja, hata kama mume wangu anamsihi, atanizima. Sitakasirika. Anyooshe mkono nimwone.